Jalada Litunukiwe Shahada

Kwa Masijala, popote jalada lilipo.

YAH: OMBI LA JALADA KUTUNUKIWA SHAHADA YA UZAMILI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwa heshima na taadhima, ofisi hiyo tukufu inaarifiwa kwamba mwanafunzi wa uzamili katika utawala wa umma, anayechunguza jinsi miji ya Nachingwea na Ruangwa inavyopanuka na nani hasa huamua viwanja na barabara vipite wapi, hajafika bado uwandani, yaani mahali pa kukusanyia data, kwa kuwa kibali chake cha utafiti kingali safarini. Tasnifu yake inahusu ugatuaji wa madaraka, maana yake kusogeza uamuzi, watumishi na fedha karibu na mwananchi. Barua yake ya kuomba kibali, kwa upande wake, inazidi kusogea mbali na kila mtu.

Kwa kuwa mwanafunzi amekwama na jalada la ombi lake ndilo linalosafiri, inaombwa shahada hiyo litunukiwe jalada lenyewe. Limepanda mkoani Lindi, zaidi ya kilomita 100, likateremka ngazi ambazo mwanafunzi amezisoma tu katika Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, na limejaa madokezo, yaani maelekezo ya ndani ya ofisi, ambayo kila moja linasema "kwa hatua zako" na hakuna hata moja linalotaja hatua yenyewe. Lishonewe joho la upana wake, lenye matundu 2 ya kupitishia uzi. Siku ya utetezi wa tasnifu, jopo liliulize swali moja la mbinu za utafiti, na likinyamaza lihesabiwe limejibu, kwa maana ukimya huohuo ndio jibu analopewa mwanafunzi dirishani kila Jumatatu. Siku ya mahafali, mhudumu wa masijala alibebe kwa mikono miwili, taratibu, kama mwali anayetolewa ndani, na vigelegele vipigwe.

Inaombwa pia kidau cha mhuri kiongezwe wino, na kikao ambacho bosi yumo tangu mwezi uliopita kionyeshwe kwa umma.

Ikumbukwe kwamba Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, uliingia Nachingwea na matrekta bila kumuuliza mkulima wala udongo, ukajengewa hata reli, ambayo baadaye iling'olewa. Waliokuja bila kuuliza walifunguliwa mlango. Anayekuja kuuliza tu, tena kwa hojaji ya karatasi, anakalishwa benchi mpaka nauli iishe, kisha anaambiwa arudi kesho na mtu ambaye hata hakuinua macho. Huo si utaratibu, ni dharau, na wanaoitenda wanajua.

Ofisi inaombwa radhi kwa lugha hiyo, ambayo bila shaka imetokana na jua la benchi la nje, na inahakikishiwa kwamba mwombaji angali mtiifu.

Usajili wa mwanafunzi unakwisha mwezi Septemba. Barua ya chuo, yenye kurasa 2, iko kwenye trei ya barua zinazoingia, chini ya chupa ya chai.