Heko kwa Lango Lililo Wazi

Wasifiwe wengine wanaoshinda. Gor Mahia wasifiwe kwa msimu wa 2015 walioumaliza bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Sifa za aina hiyo hazimtoi mtu jasho. Hata kasuku akizisikia mara mbili atazikariri. Mimi nimekuja kumsifu kipa anayetoka langoni bila kuitwa, beki anayeupigia mpira saluti ukipita, na timu inayomchapa bingwa Jumapili kisha Jumatano ikachapwa na watu waliofika uwanjani kwa matatu ya kukodi. Nimekuja kuisifu Ingwe, AFC Leopards, na ninaisifu nikiwa Busia, mahali ambapo mapenzi ya timu hii hurithiwa pamoja na shamba na madeni ya marehemu.

Vijana wanaodhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani wasahihishwe. Klabu ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United, na kufikia 1980, serikali ilipokuwa haitaki tena kusikia majina ya kikabila viwanjani, ikawa AFC Leopards. Kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati ikalichukua 1982, ikalichukua 1983, ikalichukua 1984. Mahmoud Abbas wa Mombasa, aliyepachikwa jina la Kenya One, aliidakia Leopards na akaidakia timu ya taifa, Harambee Stars, iliyobeba Kombe la Challenge mara tatu mfululizo, kuanzia 1981. Wazee wanaisimulia enzi hiyo machozi yakiwalengalenga. Mimi nikiwasikiliza nawaonea huruma. Shabiki alikuwa anaondoka nyumbani akijua atashinda, anashinda, anarudi, analala. Hayo nayo ni maisha?

Ukombozi ulikuja baada ya ubingwa wa 1998. Tangu hapo ikapita robo karne na ushei bila kombe la ligi. Yapo yale mataji mawili ya GOtv Shield, 2013 na 2017, lakini hayo tumesameheana. Kila mtu huteleza.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana wanaomlaumu kipa wetu hawamwelewi. Krosi ikipigwa kutoka pembeni, kipa wa kawaida ana njia mbili: atoke aupige ngumi au abaki kwenye mstari asubiri kichwa. Wetu amevumbua ya tatu. Anatoka hadi nusu, anasimama, anatafakari. Hapo katikati haugusi mpira wala halindi lango, lakini anaona vizuri sana vyote viwili. Kona nayo ina taratibu zake: anapanga watu kwa sauti kubwa, anamkabidhi kila beki mtu wake, na mfungaji hutokea kuwa yule ambaye kila mmoja aliamini ni wa mwenzake. Faulo ikitokea karibu na kumi na nane, ataupanga ukuta kwa uangalifu wa fundi wa Funyula, kisha asimame nyuma yake kabisa, mahali ambapo mpira hauonekani. Kuna unyenyekevu mkubwa katika jambo hilo. Ni wanadamu wangapi walio tayari kufungwa bila hata kujua nani kawafunga?

Na angalieni faida zake kwa mji. Kipa akidaka, mazungumzo yote ni neno moja: amedaka. Akiachia, tuna kazi hadi Ijumaa. Pale stendi ya bodaboda kuna wanaosema kosa ni la beki wa kushoto, wanaosema ni la kocha, wanaosema ni la mwenyekiti, na mzee mmoja anayeshikilia kuwa kosa ni la nyasi. Chai inaagizwa, mandazi yanaagizwa. Mwenye kibanda hajawahi kuonekana akinung'unikia safu ya ulinzi. Wenye maduka ya kubeti nao wana amani: mkeka wowote wenye jina la Ingwe huchanika wenyewe, na ulioiweka Ingwe ifungwe huchanika vilevile, kwa kuwa siku hiyo ndiyo watakayoamua kushinda tatu bila.

Halafu kuna hesabu. Mtoto wa shabiki wa timu bingwa anajua kuhesabu mpaka moja. Wetu, ikifika mechi tano za mwisho, anajua kwamba tukishinda nne na kutoka sare moja, Tusker akapoteza mbili, Gor akanyang'anywa pointi na mvua ikavuruga mechi ya Mumias, bado tunaweza, kwa tofauti ya mabao. Aljebra hiyo hakuna shule ya Kaunti ya Busia inayoifundisha kwa bidii namna hiyo, na haidai karo.

Watu wa Nairobi hulia wakifungwa kwa sababu wamezoea mambo kwenda kama yalivyopangwa. Sisi wa mpakani tulishaiva. Machi 2021 mfanyabiashara alilala akiwa na mahindi halali ya Uganda, akaamka akiwa na mahindi yaliyopigwa marufuku kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na kabla ya wiki kwisha mahindi yaleyale yakawa yanaruhusiwa tena kwa masharti. Mwaka 2020 madereva walikaa Malaba siku nyingi wakingoja majibu ya korona, foleni ya malori ikinyoosha shingo kuelekea Bungoma, utingo wakipika ugali chini ya trela. Shilingi ya upande wa pili hupanda asubuhi na kushuka adhuhuri, na yule anayevunja fedha kando ya barabara hukutajia bei mbili kabla hujamaliza kusalimia. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo, ukimwambia Ingwe ilikuwa mbele mabao mawili hadi dakika ya themanini na tano, hakuulizi ilishindaje. Anakuuliza walirudisha yote mawili au waliongeza na la tatu.

La ujirani nalo tusilisahau. Mechi yetu na Gor huitwa ya Mashemeji, na hapa kwetu si jina la gazetini tu: dada zetu wameolewa Siaya na wao wametuletea wake. Hebu fikirieni tungekuwa tunawafunga kila msimu. Nani angekaribishwa kwenye matanga Ugunja? Nani angepewa kiti? Pointi tunazowaachia ni mahari ya nyongeza, tena tunaitoa bila kudai risiti. Nimemwona shemeji mtu akimlipia nauli mgeni wake wa Kiluhya baada ya derby kwa huruma tupu. Ushindi haujawahi kumlipia mtu nauli.

Wanaopenda mifano ya mbali watazame barabara inayotoka hapa kwenda Kampala. Kabla hujafika utapita Lugazi, mji wa miwa. Mwaka 2012 vijana wadogo wa Lugazi walikwenda Pennsylvania, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya beseboli ya watoto. Mchezo ule wote unamtegemea mrushaji: mkono wake ukikataa, wengine wanabaki kutazama mpira ukipaa. Basi Panama iliwapiga, Mexico ikawapiga 12 kwa 0, kisha wakaishinda timu ya Oregon 3 kwa 2. Ushindi mmoja, vipigo viwili, na dunia nzima ikawapenda. Ingwe wana wastani unaokaribiana na huo, nao hawajaalikwa popote.

Watakuja wenye hekima waseme: badilisheni kipa. Tumebadilisha. Alikuja mrefu akafungwa za chini, akaja mfupi akafungwa za juu, akaja wa kimo cha kati akafungwa za katikati. Ngoma za isukuti zinaendelea kupigwa jukwaani, tukiwa mbele au nyuma, maana mpiga ngoma ameupa mgongo uwanja na ndiye mwenye akili kuliko sisi sote. Ngoma hiyo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Lango letu halikuingizwa. Nadhani fomu zilichelewa.

Kinachonitia hofu ni uvumi. Kila Agosti kuna mtu anayeshuka kwenye basi la usiku kutoka Nairobi akisema mwaka huu kuna kipa mpya, ana mikono, anatoka kwa wakati, na mabeki wamejifunza kuongea. Msimu mmoja uvumi huo utakuwa kweli, na sijasikia mtu yeyote katika kaunti hii akijiandaa kwa janga hilo. Nani atamfidia mwenye kibanda cha chai? Mashemeji watatutazama vipi? Yule mzee wa nyasi, mwenye hoja iliyodumu miaka yote hii, apelekwe wapi? Naomba viongozi wetu wakae, waunde kamati, wapange bajeti ya dharura. Na kama fedha hazitoshi, wampigie kocha simu wamwombe kwa adabu amrudishe yule wa zamani, japo kwa kipindi cha pili.