Waya Nne, Mafundi Arobaini

Ukitaka kujua Igawa ina mafundi wangapi, usisumbue ofisi ya kijiji. Weka mashine mpya barazani, ifungue mfuniko, kisha nyamaza. Chai haijachemka, umeshazungukwa na kila aliyewahi kushika bisibisi, pamoja na waliowahi kuiona kwa jirani.

Mpwa wangu ana karakana ya milango. Kachoka kuchonga maua ya mninga kwa patasi, akaagiza Kariakoo mashine ya Kichina ya si-en-si, ile inayochonga ikiongozwa na kompyuta. Imekuja vipande vipande. Ina mota tatu za stepa: ya kushoto na kulia, ya mbele na nyuma, na ya juu na chini. Kila mota ina draiva yake, kiboksi chenye skrubu kumi na mbili, kinachopokea amri kutoka kwenye bodi iliyochomekwa kwenye kompyuta. Kazi iliyobaki ni kuunganisha waya tu. Na nani Igawa asiyejua kuunganisha waya?

Wa kwanza kufika ni fundi umeme wa majumbani. Akaziona waya nne za mota, akatangaza: "Mzee, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro." Mota hii haina moto wala nyutro. Ina koili mbili, na kila kiwanda kina rangi zake. Gusanisha waya mbili, zungusha shafti kwa vidole: ikiwa ngumu, hizo ni za koili moja, ikiwa laini, jaribu nyingine. Hata mita si lazima. Lakini jambo rahisi halimpi mtu heshima mbele ya umati.

Akafuata fundi wa malori. Barabara ya Zambia inatupitia mlangoni, na malori hutembelea volti 24, basi kwake hiyo ni sheria ya nchi. Volti 24 zina skrubu zake, zile za kulisha mota. Yeye alitaka kuzipeleka hadi kwenye PUL, inayopokea mapigo ya kuisogeza mota, na DIR, inayoambiwa upande wa kuelekea. Hizo kwetu zimeandikwa volti 5. Bila resista, ni kuiunguza draiva ingali inanukia boksi.

Fundi simu naye akaona skrubu za ENA, zile za kuiruhusu mota au kuizima, ziko tupu. "Mjomba, hapa mmesahau." Hatukusahau, draiva kama hizi huachwa hivyo na mota zikafanya kazi. Akachomeka waya, mota zote zikalegea. Akasema tumeuziwa feki.

Mhimili mmoja ulipokwenda kinyume, kijana wa bodaboda akanyoosha mkono achomoe waya wa mota huku umeme umewaka. Tulimpigia kelele hadi ng'ambo wakasikia. Ndivyo draiva zinavyokufa. Unazima kwanza, halafu unabadilisha nafasi za waya mbili za koili moja, basi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mota hizi huenda hatua 200 kwa mzunguko mmoja, nyuzi 1.8 kila hatua, wala hazirudishi jibu. Kompyuta ni kama mama aliyemtuma mtoto dukani na kuanza kuitumia chenji kabla hajarudi. Mota ikikwama kwenye fundo la mninga, au skrubu moja ikiwa imelegea, kompyuta inasonga mbele ikiamini kila kitu kiko sawa. Kosa utaliona kwenye mlango wa mteja, ubao ukiwa umeshalipiwa.

Kwa hiyo, wana Igawa wenzangu, nasema bila kumung'unya maneno. Karatasi ya draiva ina kurasa chache, nyingine ni michoro mitupu. Aliyeisoma aje, kiti kipo na chai ipo. Asiyeisoma asimame ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni.