Mheshimiwa Gogo na Moto wa Kimo cha Mtu

(Dago, kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kidogo karibu na Songosongo, Kilwa. Februari, saa saba mchana. Kaskazi inavuma kivivu na mchanga unaunguza nyayo. Wavuvi wako baharini. Mpishi, mzee aliyezeekea madagoni, anasinzia ndani ya banda la makuti. Mpwa wa nahodha, Kijana aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, amejitolea kupika wali. Ametangaza kwamba atawasha moto mkubwa wa kambi, kama wa kwenye filamu, na ataupiga video. Jikoni kote wamesikia.)

GOGO: Ndugu wananchi wa jikoni, leo mmepata bahati. Mimi, Gogo la mvinje, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, nimevuka bahari peke yangu, bila nahodha wala tanga, nikaja kuwatumikia.

SUFURIA: Ulisukumwa na maji, mheshimiwa. Tulikuona ukiingia pwani kifudifudi.

GOGO: Nilikuwa natafakari. Hoja yangu ni hii: jiko la dago hili ni la aibu. Kijishimo mchangani, vijiti kama vya kuchokolea meno, na moshi unaotoka kwa kubisha hodi. Mgeni akipita na boti hawezi hata kujua kwamba hapa kuna watu wanapika! Naahidi moto wa kimo cha mtu mzima. Tukiongeza makumbi, kimo cha mtu mzima aliyebeba mtoto mabegani.

SUFURIA: Na mimi nitakaa wapi?

GOGO: Juu.

SUFURIA: Juu ya mtoto?

GOGO: Mambo ya utekelezaji yataangaliwa na kamati.

FARUMI: Kamati ni sisi mafiga, na hatujaitwa.

(Farumi ni figa la jiwe jeusi, gumu. Mawe ya kisiwa hiki yote ni matumbawe. Yeye alikuja tumboni mwa jahazi, akiwa uzito wa kukituliza chombo. Jahazi lilipopata shehena, akatupwa ufukweni.)

GOGO: Mzee Farumi, kwa heshima na taadhima, wewe hapa ni mhamiaji.

FARUMI: Nimekaa motoni tangu babu yake nahodha hajaota mvi. Wewe umefika juzi na bado umejaa chumvi. Moshi wa mti ulioshiba maji ya bahari haukitakii mema kifua cha mtu, wala chakula chake.

TUMBAWE: Shikamoo, Mzee Farumi.

FARUMI: Marahaba, mwanangu. Wewe nani?

TUMBAWE: Jiwe la tumbawe. Kijana amenichukua pwani asubuhi, maji yalipokupwa, nije kuwa figa. Nimeambiwa ni ajira ya kudumu.

FARUMI: Umekauka?

TUMBAWE: Nje nimekauka.

FARUMI: Ndani je?

TUMBAWE: Ndani ni mambo binafsi.

FARUMI: Si binafsi, mwanangu, sote tuko jirani. Umejaa matundu na matundu yamejaa maji. Yakigeuka mvuke yatataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyonayo sasa. Unayo?

TUMBAWE: Sikuulizwa hilo kwenye usaili. Lakini ukoo wetu umezoea moto! Wazee wetu walichomwa wakawa chokaa, na ndiyo iliyoushika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa karne nyingi.

GOGO: Mmesikia? Na nani aliyewachoma? Magogo! Yamepangwa duara, matumbawe juu, moto unaonekana kila kisiwa. Huo ndio moto wa historia!

FARUMI: Hapo umesema kweli. Tumbawe haligeuki chokaa mpaka joto likaribie nyuzi 900 za Selsiasi, na kazi hiyo haifanywi na vijiti. Kijana angekuwa anajenga msikiti ningekupigia kura. Anapika wali wa kilo mbili.

SUFURIA: Na wali unaivia kwenye maji yanayochemka, na hapa usawa wa bahari maji hayapiti nyuzi 100. Weka vijiti vinne au choma kisiwa kizima, nikishachemka nimechemka. Unachoongeza ni mvuke wa bure, ukoko, na matusi ya watu wenye njaa.

(Kunguru anatua juu ya paa la makuti.)

KUNGURU: Samahani kwa kuchelewa, nimetoka warshani.

SUFURIA: Warsha ya nini tena, baba?

KUNGURU: Nishati safi ya kupikia. Kuna mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mada ilikuwa nzuri. Makombo yalikuwa mazuri zaidi.

FARUMI: Yalipikiwa nini?

KUNGURU: Kuni. Lakini nyuma ya ukumbi, kwa staha.

SUFURIA: Basi niandikie na langu. Gesi iligunduliwa Songosongo, hapo jirani, mwaka 1974. Tangu 2004 inasafiri bombani kwenda Dar es Salaam kuzungusha mitambo ya umeme. Kijana huyu simu kaichaji huko, kwa umeme wa gesi ya majirani zangu, kisha kaileta hapa kupiga picha kuni zinazonipaka masizi. Sina kinyongo. Nauliza tu kama bomba lile lina tawi la kuja dagoni.

KUNGURU: Swali zuri sana.

SUFURIA: Jibu je?

KUNGURU: Limepokelewa.

GOGO: Turudi kwenye ajenda! Ndugu Kunguru, wewe ni mtu wa dunia. Waeleze umuhimu wa kuonekana.

KUNGURU: Babu zangu waliletwa Unguja miaka ya 1890 wazoe taka. Taka zipo mpaka leo, nasi tumeenea mwambao mzima. Mtu anayeonekana haulizwi kazi imefika wapi.

TUMBAWE: Na huyu aliyelala pale chini, mbona hasemi?

FARUMI: Huyo ni Shimo.

SHIMO: Nipo.

GOGO: Kuwapo gani huko? Mimi nina maono, yeye hana hata kitu cha kuweka mezani. Ni upungufu wa mchanga!

SHIMO: Kweli kabisa, mheshimiwa.

TUMBAWE: Lakini kazi yako hasa ni nini, kaka?

SHIMO: Kuufanya moto uwe mdogo.

GOGO: (anacheka mpaka gome linabanduka) Kuufanya moto uwe mdogo! Umeona wapi kiongozi anaahidi kupunguza?

TUMBAWE: Mwache aeleze.

SHIMO: Mpishi hunichimba kama mfereji, urefu wa mkono, kina cha shubiri na kidogo. Huanzia juu ya mstari wa bamvua, kisha hufukua mpaka aufikie mchanga wenye unyevu, maana mkavu huporomoka. Pembeni hunipangia mawe yaliyokauka. Upana wangu hauzidi kitako cha Bi Sufuria, ili akae juu bila kutumbukia.

SUFURIA: Kitako changu kiache.

SHIMO: Samahani, bibi. Ncha moja huiteremsha iwe mlango, akaielekeza Kaskazi inakotoka. Nyuma, baada ya Bi Sufuria, huacha uwazi wa vidole vinne moshi upate njia. Ukiuziba, moto unasongwa na jiko zima linakohoa. Ukiuacha, hewa inaingia mlangoni, joto linapanda, nalo likipanda linavuta hewa nyingine. Hakuna wa kupuliza hapo. Kuni ni za unene wa kidole gumba, zilizokauka kweli, zinasukumwa ndani taratibu kadiri zinavyoliwa. Moto ukizidi, unavuta kijiti nje. Zikiwa kavu hivyo na hewa inatosha, moshi ni kidogo.

TUMBAWE: Na joto la mchana huu?

SHIMO: Mwali ulio wazi hutupa joto kila upande, na mpishi ni mmojawapo wa pande hizo. Mimi kuta zangu zinalizuia kabla halijamfikia magotini, lililobaki linapanda kwa Bi Sufuria. Mpishi hukaa upande wa upepo, hufunika, huenda zake kivulini. Akiweza huwahi asubuhi au hungoja baada ya alasiri.

FARUMI: Juni, Kusi ikivuma na watu wamerudi wamelowa wanatetemeka, hapo hata mimi napenda moto mkubwa kidogo. Februari? Nani ana baridi Februari?

SHIMO: Tena hanichimbi chini ya mti. Moto huingia kwenye mizizi, ukatambaa ardhini kimyakimya, ukaja kuzuka kwingine watu wameshasahau. Wala hanichimbi chini ya makuti ya banda.

KUNGURU: Haya yote nimeyaandika, ila hayana picha. Mtu aliyepiga magoti mbele ya shimo! Nani atafadhili hilo?

(Kijana anarudi na mzigo wa makumbi, karara na makuti makavu. Anafukia Shimo kwa mguu ili apate uwanja. Anapanga Farumi, Tumbawe na figa la tatu, anamkalisha Sufuria, kisha anamwegemeza Gogo kama mlingoti. Anawasha. Karara inashika kwa pupa.)

GOGO: Nawaka! Wananchi, mnaniona?

SUFURIA: Naona jua tu.

KUNGURU: Anatazama video. Anasema mwali hauonekani, jua limeumeza. Anaongeza makumbi.

GOGO: Bado hamnioni?

SUFURIA: Nakusikia ukipasuka, na nachemka kama mwehu. Mtu aje anifunue kifuniko!

KUNGURU: Anajaribu. Amerudi nyuma. Anajaribu upande wa pili. Amerudi nyuma tena, sasa anapapasa nyusi.

SUFURIA: Mwiko uko wapi?

KUNGURU: Mkononi, ila haukufikii. Anaufunga kwenye upondo wa mtumbwi.

FARUMI: Upondo?

KUNGURU: Amekufunua, anakoroga wali akiwa mbali kama anasukuma chombo. Hii itapendwa sana.

TUMBAWE: Mzee Farumi, nasikia tumbo.

FARUMI: Mwanangu, jitahidi uangukie upande usio na mtu.

(Mlio kama wa bunduki. Nusu ya Tumbawe inaruka kuelekea baharini, nusu inabaki. Sufuria anainama. Cheche zinarukia ukingo wa banda, Kunguru anahama paa bila kuaga. Mpishi anaamka.)

TUMBAWE NUSU YA KWANZA: Tunajiuzulu.

TUMBAWE NUSU YA PILI: (kutoka mbali) Naunga mkono hoja!

(Mpishi hasemi neno. Anamwagia makuti debe la maji ya bahari, anampindua Gogo kwa upondo uleule, anamzamisha ncha mchangani penye maji. Anamchungulia Sufuria: wali wa chini umeungua, wa juu mbichi. Anaukomba wali wa juu anauweka kando. Anamtazama Kijana, anampa kifuu cha nazi, anamwonyesha pa kuchimba.)

SHIMO: Nipo.

KUNGURU: Sasa picha gani hii? Kijana amelala tumbo anachungulia mlangoni mwa shimo.

FARUMI: Amechimba vizuri. Mlango umeuangalia upepo.

SUFURIA: Nimesuguliwa, nimetiwa maji kidogo na wali umerudi. Vijiti vinne. Aa, anavuta kimoja. Vitatu. Hapo, hapo. Muda si mrefu atanipalia, makaa machache juu ya kifuniko, ili wa juu uive sawa na wa chini.

GOGO: Na mimi? Ndugu wananchi, nimeungua ncha moja tu! Bado nina uwezo!

FARUMI: Unao, na kazi yako imepatikana.

(Alasiri. Ngalawa zinaingia. Wavuvi wanaketi juu ya Gogo, watano, bega kwa bega, sinia mbele yao.)

GOGO: Mnaona? Nimekaliwa na umma. Nifanyeni mwenyekiti.

SUFURIA: Wewe ni kiti. Mwenyekiti ni anayekukalia.

KUNGURU: Ngojeni nimalizie ripoti. Waliohudhuria, watano. Changamoto, jiwe moja, sasa mawili. Nishati iliyotumika?

SHIMO: Kwangu mimi, vijiti vinane vya unene wa kidole gumba.

KUNGURU: Hiyo siwezi kuandika, bajeti ilikuwa ya gogo zima.

FARUMI: Andika unachotaka, ila mwambie Kijana azime moto kwa maji. Maji mpaka vijiti viache kulia, ndipo afukie. Akifukia makaa yanayowaka kwa mchanga mtupu, yatakaa humo na moto wao, na kesho watoto wanakuja kuokota kaa na kombe. Na mimi anisogeze pembeni kwanza. Sitaki maji baridi nikiwa bado moto, nimeshaona mmoja leo.

KUNGURU: Na ukoko ule ulioungua, una mwenyewe?

SUFURIA: Subiri watu wale kwanza.

KUNGURU: Nauliza kwa ajili ya ripoti.