Mjomba, Niangalizie Bodi

Ukiwahi kushika pasi ya kulehemu katika ujana wako, ukoo hausahau. Redio za mkulima zimekufa, kaseti zimekufa, waliokuwa wakiniletea redio wengine wametangulia mbele ya haki, lakini jina langu bado limo kwenye orodha ya watu wa kusumbuliwa. Mpwa wangu akinipa "Shikamoo mjomba" kwa sauti laini kupita kiasi, sipotezi muda kuuliza habari za nyumbani. Namwuliza moja kwa moja: umeharibu nini, au unataka kuunda nini?

Mara hii anaunda ditekta, mashine ya kutambua metali ardhini, na anataka nimkagulie bodi ya saketi yake. Angekuwa anakaa mji mwingine ningesema kijana ana akili ya utafiti. Lakini sisi tuko Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na Wabelgiji na Waingereza, walifua hapa sarafu za dhahabu za rupia 15, tembo upande mmoja na tai upande wa pili, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hilo ni kweli na limeandikwa. Ambalo halijaandikwa popote ni kwamba walizifukia nyuma ya choo cha kila mwenye choo mjini hapa, na hilo ndilo linaloaminika zaidi.

Ndiyo maana hakuna anayeniuliza habari za bodi. Wanauliza: "Inashuka mita ngapi?" Mita! Kwa kitu cha ukubwa wa sarafu, mashine ya kujitengenezea ikikuonyesha shubiri moja chini shukuru Mungu. Mwingine anauliza kama inatoa sauti tofauti kwa dhahabu. Haitoi. Aina hii haichagui sana: msumari unaitikia, kizibo cha soda kinaitikia, na kipande cha bati kilichoruka na upepo miaka ya nyuma kinaitikia kwa furaha kuliko vyote.

Turudi kwenye bodi, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Ditekta aliyoichagua ni ya mapigo. Mosfeti, yaani swichi yake ya kielektroniki, inaruhusu umeme wa betri ya volti 12 uingie kwenye koili, kisha inaukata ghafla, na mchezo huo unarudiwa mara mamia kila sekunde. Koili haipendi kukatiwa umeme. Inajibu kwa kurusha volti mia kadhaa. Ghadhabu hiyo ikishatulia, kama chini kuna metali, mikondo iliyoamshwa ndani yake inachelewa kidogo kufa. Unasubiri mikrosekunde 10 au 15, halafu unasikiliza. Basi.

Maana yake ni kwamba kwenye kibao kimoja kisichozidi kiganja wanakaa wapangaji wawili: mmoja anapiga ngoma usiku kucha, na mwingine kazi yake ni kusikiliza mbu. Mpwa wangu amewapa ukuta wa karatasi na mlango mmoja wa kutokea. Njia ya hasi, nyembamba, inatoka kwenye koili na mkondo wake mzito, inapita chini ya ampilifaya inayotafuta vinong'ono, ndipo inaelekea kwenye betri. Nikamwambia kila upande uwe na njia yake ya hasi na zikutane pale betri inapoingilia tu. Akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, kompyuta imekagua. Makosa sifuri."

Hapo ndipo damu inapopanda. Amechora kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na sina ugomvi na Mfaransa huyo. Programu inakagua ulichoiambia ikague. Umeiambia njia mbili zisikaribiane chini ya milimita 0.2, nayo imehakikisha hazijakaribiana. Haikuuliza kama moja ya njia hizo itabeba volti mia nne, ambazo kwa heshima zake zinataka milimita mbili na nusu hivi. Umeiambia mosfeti ina miguu mitatu, imeunganisha miguu mitatu. IRF740, mosfeti aliyoitumia, ukiitazama usoni, mguu wa kwanza ni geti, wa kati ni dreni, wa mwisho ni sosi. Kwenye mchoro wa mpwa wangu, mguu wa kati ulikuwa sosi. Kwa kompyuta, makosa sifuri. Kwa mosfeti, msiba.

Kwa hiyo nakagua kizamani. Nachapisha mchoro wa saketi kwenye karatasi, nashika kalamu ya rangi, napita njia moja baada ya nyingine, na kila niliyoihakikisha naipaka. Kazi hii haina utukufu wowote. Anayechora bodi anapiga picha anaweka kwenye simu, anapewa mioyo na dole gumba. Anayekagua anapewa miwani yenye nguvu zaidi. Na ukigundua kosa, hakuna anayekushukuru. Unaonekana mzee mwenye gubu anayechelewesha utajiri wa vijana.

Halafu kuna suala la ukubwa. Kabla hujamwaga hela kwenye bodi, chapa picha yake ukubwa ule ule kwenye karatasi, kisha sukuma vifaa vyenyewe kwenye karatasi hiyo uone kama miguu inalingana. Kutoka mguu hadi mguu wa IC aliyoichagua ni milimita 2.54, si zaidi si pungufu. Tulikwenda steshenari. Dada wa pale, mwenye nia njema kabisa, akaona picha imekaa kijipande katikati ya karatasi nyeupe akatuonea huruma, akaikuza ijae ukurasa. Tukamwomba asiikuze. Akaipunguza. Tukamwomba aiache kama ilivyo. Akauliza mbona tunataka kitu kibaya, na bei ni ile ile.

Lililonimaliza ni mahali pa kuiweka. Mpwa wangu, ili mashine ipendeze, aliipangia bodi katikati kabisa ya koili, tena bodi yenyewe kaijaza shaba kila pembe. Yaani metali ya kwanza ambayo ditekta ingeigundua, na ya pili, na ya tatu, ni ditekta. Nikamsimulia habari ya Alexander Graham Bell, mwaka 1881, alipopeleka mashine ya namna hiyo kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye chuma ndani. Mashine ikachanganyikiwa, risasi haikuonekana, na baadaye Rais akafariki. Kijana akasikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kama Bell alipata hasara.

Wakati sisi tunabishana hivyo, wakubwa walishakaa kikao cha kugawana dhahabu chini ya mwembe. Mwenye kiwanja kachukua fungu lake. Mwenye ramani, ambayo nimeiona na imechorwa kwa kalamu ya wino wa juzi, kachukua lake. Wachimbaji wamo. Mganga wa kutuliza mizimu ya Kijerumani yumo, tena yeye kalipwa sehemu kabla. Nikawakumbusha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimbua vitu vya kale. Wakasema hilo litaingizwa kwenye mengineyo.

Nikauliza fungu la mkaguzi. Kimya. Mmoja akasema mjomba ni mtu wa nyumbani, hawezi kudai. Wakati huo huo mpwa wangu ananiarifu kwamba amehamishia kitasa cha sauti upande wa kulia, kwa sababu anayeshika mashine atatumia mkono huo, na njia "chache tu" zimesogea. Njia chache zikisogea, karatasi yangu iliyopakwa rangi ni ya kufungia karanga. Ninaanza upya, mguu wa kwanza.

Nikasema sianzi bila mkataba. Wakanong'onezana, wakarudi na uamuzi: dhahabu imeshagawanywa yote, lakini misumari yote itakayopatikana ni ya mjomba. Nimekubali palepale na nikataka waandike na vizibo na mabati. Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo, na kati ya wanahisa wote mimi ndiye pekee mwenye uhakika wa kulipwa.