Waraka wa Wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani: Kuhusu Ahadi Zako kwa Wagonjwa

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Naomba unipe nafasi nikukumbushe ahadi ulizotoa. Kiti chako kimekaliwa na wengi tangu jambo hili la bangi ya matibabu lianze, na mimi simwandikii mmoja wao. Nakiandikia kiti chenyewe, kwa sababu barua nitakazozitaja zilitoka wizarani mwako, na naamini nakala zake umezihifadhi vizuri kuliko mimi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao hapa Lewiston, jimbo la Maine, mji ambao Kiswahili cha Kongo husikika madukani kila siku. Wananchi wa Maine walipiga kura mwaka 1999 kuwaruhusu wagonjwa kutumia bangi, miaka mitatu baada ya California. Mgonjwa huandikiwa cheti na daktari, akaenda dukani, akanunua, akarudi nyumbani kwake. Kwa sheria ya jimbo hana kosa. Kwa sheria unayoisimamia wewe ana kosa tangu pale dukani hadi kitandani anapolala, na cheti chake hakimkingi.

Nianze kwa kuisifu subira ya ofisi yako, maana ni subira kubwa. Sheria ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika Jedwali la Kwanza pamoja na heroini, kwa maana kwamba haina matumizi ya tiba yanayokubalika. Ilikusudiwa ikae hapo wakati tume ikichunguza. Tume hiyo, chini ya Raymond Shafer, gavana wa zamani wa Pennsylvania, ilitoa ripoti Machi 1972 na kushauri kwamba mtu asishitakiwe kwa kuwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe. Rais Nixon aliukataa ushauri huo. Mwaka 1988 Francis Young, jaji wa ndani ya DEA, idara yako ya kupambana na dawa za kulevya, alisikiliza ushahidi kwa kina, akapendekeza bangi ihamishiwe Jedwali la Pili. Mwaka uliofuata mkuu wa idara hiyo akamkatalia. Mlipata majibu mawili kutoka kwa watu mliowateua wenyewe, na mara zote mbili mkaendelea kusubiri.

Serikali yenyewe haikusubiri kiasi hicho. Tangu mwaka 1978 iliwapa wagonjwa wachache misokoto ya bangi iliyolimwa kwa idhini yake katika Chuo Kikuu cha Mississippi. Mwaka 1992 mpango ukafungwa kwa waombaji wapya, lakini waliokwisha kupokelewa waliendelea kupewa. Mwaka 2003 Wizara ya Afya ya serikali hiyohiyo ikapata hataza juu ya matumizi ya kemikali za bangi kuzikinga seli za neva. Nawashukuru wanasayansi wenu kwa kazi hiyo. Ila sijui nimweleze vipi mzee mwenye maumivu ya neva kwamba serikali imejiandikisha haki ya ugunduzi katika kitu ambacho sheria yake inasema hakina tiba.

Bidii ya maofisa wako pia naijua. Agosti 2002 walifika katika nyumba ya mgonjwa mmoja wa Kaunti ya Butte, California, aliyekuwa na miche sita. Maofisa wa kaunti walichunguza, wakaona sheria ya jimbo haikuvunjwa. Mabishano yalichukua saa tatu, kisha watu wako wakaing'oa miche yote sita na kuiharibu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 mkashinda kwa kura sita dhidi ya tatu, kwa hoja kwamba Bunge lenye mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo lina mamlaka hata juu ya mmea uliolimwa nyumbani na usiouzwa. Ushindi huo ni halali na sibishani nao. Nakumbusha tu kwamba majaji waliokupa ushindi waliwaelekeza wagonjwa waende Bungeni na kwenye taratibu za kubadilisha jedwali, na jedwali liko mikononi mwako.

Sasa nije kwenye ahadi zenyewe. Oktoba 2009 wizara yako iliwaelekeza waendesha mashitaka wake wasitumie nguvu zao kwa watu wanaofuata wazi sheria za majimbo yao kuhusu bangi ya matibabu. Waraka ule uliandikwa kwa lugha nyepesi na ya kiungwana. Ndiyo maana watu waliuamini. Wapo waliokodi majengo na kuajiri, na wapo waliojiandikisha kwa majina yao kamili katika daftari za serikali za majimbo.

Machi 2011 maofisa wako walivamia maduka na mashamba ya Montana. Mwezi uliofuata gavana wa Washington, aliyetaka jimbo lake litoe leseni kwa utaratibu, aliwauliza waendesha mashitaka wako kama watumishi wa jimbo watakuwa salama. Walimjibu kwamba hawatakuwa na kinga. Akapiga kura ya turufu dhidi ya sehemu kubwa ya muswada. Juni mwaka huohuo ukatoka waraka mwingine uliosema kwamba ule wa 2009 haukukusudiwa kuwakinga wanaolima na kuuza. Agosti 2013 ukaja wa tatu, mpole zaidi, wenye masharti manane. Januari 2018 nao ukafutwa kwa ukurasa mmoja. Mheshimiwa, sidhani kwamba kila aliyeziandika barua hizi alikuwa na nia mbaya. Baadhi yao walikuwa na huruma ya kweli, na naiheshimu. Lakini mgonjwa wa saratani aliyeanza matibabu chini ya barua moja alijikuta chini ya nyingine kabla hajapona, na hakuna aliyemtumia taarifa.

Bunge lilijaribu kukusaidia. Tangu Desemba 2014 limekuwa likiweka katika bajeti kifungu kinachokukataza kutumia fedha zake kuyazuia majimbo yasitekeleze sheria zao za bangi ya matibabu. Mlikisoma kwa namna yenu: kwamba kinayalinda majimbo, hakimlindi mgonjwa. Mashitaka dhidi ya familia moja ya Kettle Falls, jimbo la Washington, yakaendelea. Mzee wao alifutiwa mashitaka akiwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kumshinda, akafariki mwaka huohuo wa 2015. Wenzake walihukumiwa. Mwaka 2017 wizara yako ilikiri kwamba haikuwa na ruhusa ya kuzitumia fedha zile katika kesi hiyo. Kukiri ni jambo la heshima na nakupongeza. Mzee hakuwapo kulisikia.

Tena kifungu hicho kina mwaka mmoja wa uhai, kisha huombewa mwingine. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya California na majimbo mengine ya magharibi iliwakatalia usomaji wenu, lakini ikawaonya wagonjwa: Bunge likiirudisha fedha kesho, mtaweza kuwashitaki hata kwa yale waliyoyatenda wakati fedha imezuiwa, maana muda wa kushitaki ni miaka mitano. Hiyo ni kama deni lililoahirishwa, na mwenye deni ni mtu anayetapika kwa dawa za saratani. Mahakama ya Rufaa ya huku kwetu ilipokisoma kifungu hichohicho mwaka 2022, ilikataa kipimo cha wenzao cha nani analindwa. Basi hata ulinzi huo wa mwaka mmoja haupimwi kwa kipimo kimoja kutoka pwani hadi pwani.

Utasema, kama walivyosema waliokutangulia, kwamba siku hizi hakuna anayemkamata mgonjwa kitandani. Ni kweli, na nakushukuru. Lakini sheria isiyotumika kukamata bado inaumiza. Mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi hapa Maine aliumia mgongo kazini mwaka 1989. Baada ya miaka mingi ya dawa za jamii ya afyuni, alipata cheti cha bangi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo hili iliamua kwamba mwajiri hawezi kulazimishwa kumlipia, kwa kuwa angekuwa anasaidia kosa la shirikisho. Dawa za afyuni hazina kizuizi hicho. Ilitosha sheria yako kuwapo.

Wanaonigusa zaidi ni wenzangu wahamiaji. Najua uhamiaji uko chini ya wizara nyingine, ila sheria wanayoifuata ni hiyo unayoisimamia. Aprili 2019 wizara hiyo ilitoa mwongozo kwamba mwombaji uraia anayetumia bangi, au aliyeajiriwa katika biashara yake, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema, hata kama jimbo limeruhusu. Tuseme mama aliyetoka Bukavu, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ameandikiwa cheti na daktari wa hapa. Siku ya mahojiano ataulizwa kuhusu dawa za kulevya. Akisema kweli anauweka uraia wake hatarini. Akificha, amesema uongo chini ya kiapo. Hakuna alichokosa ila kumwamini daktari na jimbo.

Mei 2024 wizara yako ilipendekeza bangi ihamishiwe Jedwali la Tatu. Ni hatua njema, na imechukua zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, unajua kuliko mimi kwamba dawa za jedwali hilo hutolewa kwa agizo la daktari, kupitia famasia, baada ya kuidhinishwa. Kuhamisha jedwali peke yake hakulifanyi duka la Lewiston kuwa famasia wala cheti cha mgonjwa kuwa agizo la daktari.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Liombe Bunge, kwa sauti ya cheo chako, liirekebishe sheria ya 1970 ili isimguse mgonjwa ambaye daktari na jimbo lake wamemruhusu. Na kabla ya hapo, toa kanuni yenye nguvu ya sheria kwamba waliyoyatenda wagonjwa katika miaka hii ya ahadi hayatakuja kufunguliwa mashitaka. Ukijibu, wazee ninaowahudumia watataka kujua jina la kanuni hiyo, tarehe yake, na kama atakayekirithi kiti chako ataweza kuifuta kwa ukurasa mmoja.

Wako kwa heshima,
Mhudumu wa wazee,
Lewiston, Maine