Jinsi ya kufungua chuo kikuu cha miji mahali ambapo mji haujafika

Profesa, mwongozo huu ni wako wewe unayefundisha mipango miji au utawala wa umma, na ambaye kila mwaka unawatafutia wanafunzi wako mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Safari hii iache Kariakoo ipumzike. Wapeleke Milepa.

Milepa ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, ambako mpunga, mahindi, ufuta na ng'ombe ndiyo mazungumzo ya kutwa. Ni kijijini, na ndiyo sababu nakuelekeza huko. Nataka ufungue chuo kikuu cha miji mahali ambapo mji haujafika, na nitakuonyesha namna ya kukifungua bila jengo, bila utepe wa kukata na bila mgeni rasmi.

Jambo la kwanza ni kufika kabla ya matofali. Hapa nchini afisa mipango miji huitwa watu wakishajenga, wakishazika, wakishawauzia mashemeji vipande vya uwanja. Ndipo anakabidhiwa ramani na kuambiwa apitishe barabara katikati ya jiko la mtu. Dar es Salaam imelisoma somo hili kwa gharama. Hanna Nassif, kule Kinondoni, ilijaa nyumba bila mifereji ya maana, na mvua kubwa ikinyesha maji yaliingia hadi chumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishika sululu wakachimba mifereji na kutengeneza barabara za mtaa, wakiungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani, na awamu ya pili wataalamu wa chuo cha ardhi, UCLAS, wakawa bega kwa bega nao. Ni kazi ninayoiheshimu mno. Lakini mfereji uleule ungegharimu mstari mmoja wa penseli laiti mtu angefika miaka thelathini kabla.

Rukwa bado ina nafasi ya kuchora mstari huo, ila muda unakwisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani. Ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala, pa kuteka maji, pa kuuzia mchele na pa kuzikwa. Hawatakwenda wote Sumbawanga Mjini. Wengi watajenga palepale walipozaliwa, kando ya barabara, karibu na mashine ya kukoboa mpunga.

Sasa usije peke yako. Elimu ya mji na elimu ya utumishi wa umma hapa Tanzania zimekua kama watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha upimaji wa ardhi, ikawa Chuo cha Ardhi, na tarehe 1 Julai 1996 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo UCLAS niliyoitaja. Mwaka 2007 ikasimama yenyewe kama Chuo Kikuu Ardhi. Nyumba ya pili ilianzia Mzumbe mwaka 1953, pale wakoloni walipofungua shule ya kuwafundisha machifu, madiwani na makarani. Mwaka 1972 ikawa taasisi ya uongozi, IDM, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Hapo katikati wakaongezeka wadogo zao, Chuo cha Serikali za Mitaa pale Hombolo na Chuo cha Utumishi wa Umma kilichoanza mwaka 2000. Vyote ni vyuo vyema. Lakini mmoja anahitimu akijua kuchora barabara bila kujua kuitisha mkutano, na mwingine anahitimu akijua kuitisha mkutano bila kujua maji ya mvua yatapita wapi. Hukutana kazini, tayari wana vyeo, na kila mmoja anangoja mwenzake amwandikie barua.

Kwa hiyo chukua wanafunzi sita wa Ardhi na sita wa Mzumbe au Hombolo, wapandishe basi moja. Kutoka Sumbawanga watapita Ntendo, kisha watateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze na Mtowisa, kwenye barabara ile inayoendelea hadi Kilyamatundu. Juu watavaa makoti maana baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa haina mzaha, na wakifika chini watayavua wote. Asilale mtu njiani. Somo la kwanza la chuo chako ni hiyo barabara yenyewe. Mwambie kila mwanafunzi aandike ni wapi basi limepunguza mwendo, wapi kalavati limezibwa na mchanga, wapi abiria wameshuka na mizigo gani. Mama aliyeshuka na gunia la mchele amemfundisha mpangaji mahali pa soko, na ada hakudai.

Mkifika, msianze kupima. Nendeni ofisi ya mtendaji wa kata, toeni shikamoo, jitambulisheni, kisha mtendaji awapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti awapeleke kwa wenyeviti wa vitongoji. Mwanafunzi atakayenong'ona kwamba itifaki hii inapoteza muda, huyo ndiye uketi naye jioni na kumweleza. Watu wa bonde wameona magari mengi yakiteremka, wageni wakapiga picha, wakapanda tena. Kijana anayesimama na kusema jina lake, chuo chake na jambo alilolifuata, tena akaahidi siku ya kurudisha majibu, amekwisha kujibu nusu ya mtihani.

Somo la pili ni kutembea. Futi kamba ibaki kwenye mkoba siku za mwanzo. Wafuate njia za miguu, maana njia ya miguu imechorwa na watu wengi kwa miaka mingi, na aghalabu inajua mahali pakavu wakati wa masika. Wawafuate wanawake kisimani. Wawafuate wachungaji na ng'ombe wao hadi malishoni, kwa sababu barabara itakayokata mapito ya ng'ombe itazaa kesi kila wiki. Kisha wakae na wazee na kuwauliza swali moja kwa uvumilivu mkubwa: maji yaliwahi kufika wapi? Ziwa Rukwa halina mto unaotoka nje yake. Linapokea mito, kina chake ni kifupi, nalo hupanuka na kunywea miaka hata miaka. Mvua inayonyesha juu ya Ufipa huteremka bondeni kwa kasi pamoja na mawe na mchanga, na mto unaweza kuamka umehamia shamba la jirani. Picha ya satelaiti itakuonyesha mto ulipo leo. Mzee wa miaka themanini anakumbuka ulipokuwa zamani, na kumbukumbu yake iwekwe kwenye ramani kwa rangi yake, ikiwa na uzito uleule wa vipimo vya mashine.

Hapo ndipo wachore. Na wachore kwanza vitu ambavyo hakuna mtu anayevionea fahari. Makaburi. Dampo. Machinjio. Josho. Maegesho ya bodaboda. Uwanja wa mnada. Mashine ya kukoboa ambayo kelele zake zisifike darasani. Nimeona miji midogo mingi iliyotenga eneo la hoteli ya kitalii ikasahau mahali pa kuzikia watu wake, na sasa maiti inabebwa mbali kupita kiasi. Shule na zahanati kila mtu atazikumbuka. Mwanafunzi apewe alama kwa vile vingine.

Somo la tatu ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Mketishe kila mwanafunzi kwenye benchi la nje ya ofisi ya mtendaji, upande wa wananchi, kutwa nzima. Asijitambulishe, asiwe na kitambulisho kifuani. Aone watu wanaokuja. Kijana aliyepangiwa chuo anataka fomu ya mkopo wa elimu ya juu isainiwe na kugongwa muhuri. Mjane anataka barua ya utambulisho afungue akaunti. Wakulima wawili wanagombea mpaka. Mama ana mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Hakuna hata mmoja aliyekuja na jambo dogo. Fomu ile ikichelewa, kijana amepoteza mwaka mzima wa masomo, na pengine hatauona mwingine.

Kisha ahamie ndani, akae karibu na mtendaji, aone upande wa pili. Mtendaji huyo anadaiwa taarifa na wilaya, simu haikati, pikipiki haina mafuta, na makao makuu ya halmashauri yapo Laela, juu kwenye barabara kuu ya Tunduma. Mwananchi wa Milepa anayeambiwa jambo lake limekwama Laela ameambiwa apande mlima, alipe nauli, alale kwa mwenyeji, apoteze siku za kupalilia. Kwa hiyo mfundishe mwanafunzi wako kuliondoa kinywani mwake neno "njoo kesho". Badala yake aseme jambo litatoka lini, litatoka kwa nani, na namba ya kupiga kuuliza kabla mtu hajafunga safari. Aandike kwenye karatasi ampe mtu mkononi. Hakuna bajeti inayohitajika kufanya hivyo, na sijaona mageuzi ya utumishi yanayomfikia mkulima haraka kuliko hayo.

Katika siku hizohizo wasome sheria, wakiisomea mahali inapofanya kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Mwanafunzi aende akawatazame hao watatu: wanaongea au wameketi tu? Wakiwa wameketi tu, aulize kikao kimepangwa saa ngapi, maana saa kumi na mbili jioni mama yuko jikoni, na aliyepanga saa hiyo anajua hivyo. Aende pia kwenye ubao wa matangazo, asome mapato na matumizi ya kijiji, kisha amsomee kwa sauti mtu asiyejua kusoma. Akishindwa kueleza mstari mmoja, amuulize mtendaji, na mtendaji akishindwa, hapo pana somo la mwezi mzima.

Jiandae pia kwa swali ambalo halikosi kuulizwa: "Mkipima, mtatufukuza?" Ni swali la haki. Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007 eneo linaweza kutangazwa kuwa la mipango miji, na mwenye shamba anaamka akisikia habari za viwanja, kodi na vibali. Mwanafunzi asijibu kwa kutuliza watu. Ajibu kwa kueleza: hatimiliki ya kimila ni nini na inaombwaje, fidia hulipwa lini na hukadiriwa na nani, na ni katika hatua gani mwanakijiji anaweza kusimama kupinga. Mpangaji anayewaficha watu njia ya kumpinga hafai kupewa cheti, hata kama michoro yake inang'aa.

Mtihani wa mwisho ufanyike kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili. Mwanafunzi asimame na ramani yake mbele ya watu wazima wa Milepa, na mwalimu aketi nyuma kabisa akiwa na daftari. Wataulizwa kwa nini soko limewekwa upande wa kule. Wataambiwa kwamba hapo walipoweka shule, masika hapapitiki. Watakaobadilisha mchoro palepale kwa sababu wamesikia hoja yenye nguvu, wape alama za juu. Watakaoutetea kwa hoja yenye nguvu zaidi, wape vilevile. Atakayesema "kitaalamu iko hivyo" na kuketi, arudie muhula.

Kuhusu ajira baadaye, zungumza nao bila kuwazunguka. Wengi wataomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, na baadhi watapangiwa kata kama hii. Kuna wanaoanza kuandika barua za uhamisho kabla hawajajua jina la mwenyekiti wao. Siwalaumu wote, mtumishi anayelala kwenye chumba kinachovuja, mbali na mwenza wake, atakimbia tu. Halmashauri inayotaka mpangaji abaki impe nyumba nzuri kwanza, ndipo impe gari. Na chuo kinachotaka hivyo kichukue wanafunzi kutoka bondeni kwenyewe, kiwafuate shuleni wakiwa bado sekondari, kiwaambie kwamba kupanga mji ni kazi inayosomewa, na kwamba mji wa kwanza watakaoupanga unaweza kuwa wa mama zao.

Muda mzuri wa kuja ni kuanzia mwezi wa sita, barabara ikiwa imekauka na mpunga unaingia nyumbani, watu wana nafasi ya kukaa mkutanoni. Barua ya maombi iende kwa mkurugenzi Laela, nakala kwa mtendaji wa kata, miezi miwili kabla. Chakula mkinunue hapohapo kwa bei ya sokoni. Mkimaliza, nakala ya kwanza ya ramani ibaki ofisi ya kijiji, ichapwe kwenye turubai kwa sababu karatasi italiwa na mchwa. Ya pili ipelekwe Laela na isainiwe kuwa imepokewa. Ya tatu, Profesa, ndiyo ya chuo.