Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Sana Seneta, Mlinzi wa Hazina ya Marekani

Mheshimiwa, shikamoo. Kijana wa ofisini kwako atakayeisoma barua hii kabla haijaingia kwenye mashine ya kukata karatasi, naye namwamkia.

Mimi mnyonge wako ni Mtanzania mbeba boksi, nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee jimboni kwako. Naanza na shukrani. Katika kila mshahara wangu hukatwa asilimia 6.2 ya Hifadhi ya Jamii na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Nashukuru kwamba mimi nakatwa mwaka mzima, ilhali wanaolipwa mamilioni hupumzishwa na lile kato la kwanza mara mapato yao yanapovuka kiwango, wengine Januari haijaisha. Nashukuru pia kwamba mimi nahitaji miaka kumi ya makato ndipo nistahili pensheni, na wewe mitano yakutosha kupata ya Bunge. Kupiga kura kunachosha kuliko kugeuza wagonjwa kitandani, hilo nalielewa.

Kilichonisukuma kuandika, hata hivyo, ni wazee wangu, wapiga kura wako waaminifu. Wote wanataka matumizi ya serikali yapunguzwe. Tuanzie wapi? Hifadhi ya Jamii? La hasha, hilo ni jasho lao. Medicare? Thubutu! Medicaid, bima ya wasio na uwezo? Hiyo ya wavivu, ifutwe, asema mzee ambaye kitanda chake, kama vilivyo vingi katika nyumba za namna hii kote Marekani, kinalipiwa na Medicaid hiyo hiyo. Jeshi lisiguswe. Unabaki ubadhirifu, ambao kila mtu anauchukia na hakuna aliyewahi kukutana nao. Wengi huamini robo ya bajeti huishia kwenye misaada ya nchi kama kwetu; kwa miaka mingi imekuwa kiasi cha asilimia moja. Nikiwavisha soksi, hunikagua mifuko kwa macho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote naomba uniteue rasmi kuwa Ubadhirifu wa Taifa. Nipewe meza, kiti cha kuzunguka na mshahara kama wako, dola 174,000. Kila uchaguzi ukikaribia, unifute kazi mbele ya kamera, wananchi washangilie, kisha Januari nirudishwe kimya kimya. Serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti, nilipwe kama mnavyolipwa ninyi. Suti nitajinunulia mwenyewe, nisije nikawa mzigo kwa walipa kodi.

Wako mtiifu,
Ubadhirifu Mtarajiwa